TAHADHARI: Kapasita "mpya" za kukarabati pawa saplai zinazouzwa mtandaoni ni kuukuu zilizovalishwa ganda jipya

Wakuu, mnaofungua pawa saplai kuukuu za kompyuta na kubadilisha kapasita (vile vikopo vinavyohifadhi chaji ya umeme na kuituliza volti), naomba msome hili kabla hamjaagiza tena. Nimetapeliwa, na kibaya zaidi ni kwamba utapeli wenyewe unapita kipimo ambacho wengi wetu tunakitegemea. Jina la duka silitaji kwa sababu limeshabadilishwa. Muuzaji ni yule yule na picha ni zile zile, kwa hiyo jina halitakusaidia. Jifunze kuzitambua kapasita zenyewe.

Nilikuwa na pawa saplai ya ATX (muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani) ya wati 300, ya miaka ya mwanzo ya 2000, yenye ile IC ya TL494 inayoiongoza na transista mbili za 13007 zinazowasha na kuzima umeme mkubwa kwa kasi. Kapasita za upande wa kutolea umeme zilikuwa zimevimba utosi, mbili zimetoa ute wa kahawia hadi kwenye bodi. Si ajabu kwa mashine za kipindi hicho. Kuanzia 1999 hivi hadi karibu 2007 soko lilijaa kapasita zenye elektrolaiti (majimaji ya ndani) mbovu, iliyokuwa ikizalisha gesi ndani ya kopo mpaka kopo lipasuke. Kwa sababu hiyo sisi wakarabati tunanunua kapasita kwa mifuko, na matapeli wamelijua hilo.

Niliagiza mfuko wa vipande 50: nyingi za mikrofaradi 2200 volti 10 na 1000 volti 16, chache za 47 volti 50, pamoja na mbili kubwa za 680 volti 200. Zote zilikuja na ganda lenye jina la mtengenezaji mkubwa wa Japani na maandishi ya nyuzijoto 105, yaani joto la juu inaloweza kuvumilia. Majina ya Rubycon, Nichicon na Panasonic ndiyo yanayoghushiwa zaidi, maana ndiyo tunayoyatafuta. Kwa macho zilikuwa safi. Nikazipima moja moja kwa multimita. Za 2200 zilisoma kati ya 1950 na 2100, na kwa kuwa tofauti ya asilimia 20 juu au chini inaruhusiwa, nikaridhika. Nikachomea.

Nikawasha kupitia balbu ya zamani ya waya iliyofungwa mfululizo, ili izuie mkondo kama kuna shoti, kama ninavyofanya siku zote. Balbu ikamweka mara moja ikazima, volti zote zikatokea vizuri: 5.05, 12.1, 3.32. Nikafunga resista kubwa za kuipa mzigo, nikaiacha ifanye kazi kwa dakika 40 nikiwa pembeni yake. Nilipoizima, nikachomoa waya na kupima mpaka kapasita kubwa zikaisha chaji kabisa, nikagusa utosi wa ile iliyo karibu na koili ya volti 5. Ilikuwa ya moto kuliko bati la kupozea daiodi lililo jirani yake. Kapasita nzima haiwi hivyo. Ilikuwa inachemka yenyewe kutoka ndani.

Nikaazima oskiloskopu, kifaa kinachochora umbo la volti. Mawimbi, yaani kupanda na kushuka kwa volti, juu ya laini ya volti 5 yalifika milivolti 140. Viwango vya ATX vinaruhusu 50 kwa volti 5 na kwa 3.3, na 120 kwa volti 12. Nikatoa kapasita, nikaipima ESR, yaani ukinzani wake wa ndani, kwa kilohezi 100: omu 0.11. Toleo lililoandikwa kwenye ganda, kwa mujibu wa karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, linatakiwa kuwa karibu omu 0.02. Mara tano zaidi ya inavyotakiwa!

Hapa ndipo tunaponaswa. Multimita inapima kapasita polepole, inaijaza na kuimwaga, kisha inakupa mikrofaradi. Ndani ya pawa saplai, mkondo unaingia na kutoka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara unapita kwenye ule ukinzani wa ndani na kuzaa joto. Kapasita ya kawaida ya redio na ile ya ESR ndogo zinaweza kusoma mikrofaradi sawasawa kabisa. Tapeli anajua una multimita tu.

Nikachukua wembe nikachana ganda la moja kuanzia chini. Plastiki ilitoka kwa urahisi, kama soksi. Chini yake kulikuwa na ganda jingine, la kijani lililofifia, lenye jina nisilolijua na maandishi ya nyuzijoto 85. Nikachana ya pili, ya tatu, ya kumi. Nyingine zilikuwa na ganda la pili, nyingine kopo tupu lenye mikwaruzo ya koleo. Kisha nikachana zile kubwa mbili za volti 200. Ndani ziliandikwa 160.

Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa na daiodi hufika takriban volti 325. Kwenye pawa saplai za aina hii kapasita kubwa mbili hugawana, kila moja inabeba kama 163, na umeme ukipanda hadi 240 kila moja inabeba 170. Kwa hiyo muuzaji huyu amechukua kapasita isiyoweza kubeba mzigo huo, akaivalisha nguo ya kapasita inayoweza, akaipeleka kwa mtu anayeiinamia na uso wake wakati anapima. Sijui niliite nini jambo hilo. Kosa la kufungasha silo.

Kilichoniuma kuliko hasara yangu ni mwenzangu niliyemgawia kapasita nne kutoka mfuko ule ule, nikamwambia nimeshazipima ziko poa. Moja, ya 47 volti 50, aliiweka kwenye sakiti ya standby, ile inayotoa volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Mnaozijua pawa saplai za zamani mnajua kwamba kwenye baadhi yake kuna kapasita moja ndogo upande wa umeme mkubwa inayosaidia kuidhibiti standby. Ikichoka, standby haizimi. Inapanda. Yake ilikaa siku chache kisha ikapanda, ikaondoka na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) aliyokuwa ameitunza miaka mingi. Nimemwomba radhi na ninamtafutia nyingine.

Sasa mwenendo wa muuzaji, mnisikilize vizuri hapa maana ndio utakaoutambua hata akibadilisha jina. Nilipomwandikia mara ya kwanza alijibu haraka na kwa adabu: nimezichoma kwa joto kubwa mno. Nikamtumia picha za ganda juu ya ganda, zikiwemo za kapasita ambazo sijazigusa kwa solda. Akasema kiwandani wamekosea, atatuma mfuko mwingine bure, ila kwanza nifute malalamiko yangu. Nilipokataa akaniomba subira ya wiki mbili kwa kuwa mzigo mpya uko njiani. Wiki mbili hizo zilikuwa zinavuka siku ya mwisho ya kudai fedha zangu. Nikastuka siku mbili kabla, nikafungua dai, nikarudishiwa sehemu tu. Baada ya hapo duka likatoweka, likatokea jingine lenye picha zile zile: kapasita zimepangwa juu ya kitambaa cha bluu, na kona ya chini kushoto kuna kidole gumba. Ukikiona kidole hicho, pita.

Kwa wenye mfuko kama huo nyumbani, anzeni na miguu. Kapasita mpya ina mguu mrefu wa chanya na mfupi wa hasi, yote mirefu na yenye kung'aa sawasawa hadi kwenye mpira wa chini. Zangu nyingi zilikuwa na miguu mifupi karibu sawa, na kwa kioo cha kukuzia niliona solda ya zamani imeganda karibu na mpira kisha ikapakwa mpya juu yake. Halafu chukua kalipa, kile kipimo cha kubana cha milimita, upime kopo, ulinganishe na karatasi ya vipimo ya toleo hilo. Watengenezaji wakubwa huorodhesha kila uwezo na kila volti pamoja na kipenyo na urefu wake. Zangu zilikuwa milimita 10 kwa 20, wakati karatasi ilisema 10 kwa 25. Mara nyingine utakuta mchanganyiko ulioandikwa kwenye ganda haupo kabisa kwenye orodha, na hapo huhitaji kupima chochote zaidi.

Kipimo cha ESR ndicho cha lazima. Vifaa vya kupimia siku hizi ni vidogo na rahisi kupatikana, na kama unakarabati pawa saplai mara kwa mara usikae bila kimoja. Ukitaka kwenda mbele, pima uvujaji: ipe kapasita volti iliyoandikwa juu yake kupitia resista ya omu 1000, subiri, kisha pima volti juu ya resista. Kanuni ya kawaida kwenye karatasi za vipimo ni 0.01 mara mikrofaradi mara volti, jibu likiwa mikroampia, baada ya dakika mbili. Kwa 1000 volti 16 ni mikroampia 160, yaani volti 0.16 juu ya resista hiyo. Kapasita nzima iliyokaa muda mrefu dukani huanza juu kisha inashuka, kwa hiyo ipe muda kabla hujaihukumu. Zangu zilibaki juu, na mbili zikaendelea kupanda. Kipimo hiki ni cha zile za volti ndogo. Za volti 200 na 400 usizijaribu mezani kama hujazoea umeme wa kiwango hicho, kwa sababu zinaua.

Transista nazo ziko kwenye mchezo huo huo. Za 13007 na 13009 zinafutwa maandishi na kuandikwa upya, ndani kipande cha silikoni ni kidogo kuliko kinachotakiwa, zinadumu mpaka siku mzigo unapokuwa mkubwa. Hilo linahitaji andiko lake.

Mimi sasa nanunua kwa wasambazaji walioidhinishwa na watengenezaji wenyewe, kama Mouser, DigiKey na Farnell, hata kama usafirishaji unazidi gharama ya kapasita na inabidi tuchangie oda watu watatu au wanne. Nikibanwa kabisa, afadhali ning'oe kapasita nzuri kwenye pawa saplai bora iliyokufa kwa sababu nyingine, niipime, niijue ni kuukuu, kuliko kununua kuukuu inayojiita mpya.

Kwenye mfuko ule zilibaki 31. Nimezikata miguu yote hadi kwenye mpira kabla ya kuzitupa, asije mtu akaziokota na kuzichomea mahali.