Mwani wa chupa, wa unga na wa Paje: upi ununue kwanza

Geuza chupa usome nyuma kabla hujauliza bei. Vidonge 60 vya spirulina, jamii ya mwani, kila kimoja miligramu 500, ni gramu 30 tu za unga. Hata tukichukulia kwamba asilimia 60 ya unga huo ni protini, chupa nzima inakupa gramu 18, sawa na mayai matatu. Naanza na hesabu hii kwa sababu nimeona kina mama wakitoa pesa ya mboga ya wiki nzima kununua chupa kama hiyo, wakiamini wanamjenga mtoto, na inaniuma. Mwani una faida zake. Ila ununue kwa kazi ambayo mwani wenyewe unaiweza, na uhesabu gramu, si sifa zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Nafasi ya kwanza naupa unga wa spirulina uliolimwa kwenye matangi au mabwawa. Hiki ni kiumbe kidogo mno cha maji ya magadi, ndicho wanachokula ndege aina ya heroe wa Ziwa Natron na Ziwa Bogoria, na huko Chad wanawake wa Kanem wamekuwa wakikichota, wakikikausha na kukitia kwenye mchuzi kwa jina la dihé. Kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 7, kina protini gramu 4 na madini ya chuma karibu miligramu 2. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji kama miligramu 18 za chuma kwa siku, kwa hiyo spirulina inaongezea tu juu ya maharage, mchicha na maini. Kwa wasiokula nyama kabisa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: vitamini B12 inayotajwa kwenye pakiti kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Usiitegemee hata kidogo.

Unga mzuri ni wa kijani kilichokolea kinachoelekea bluu, na haunuki uvundo. Chukua kidogo sana, tia kwenye glasi ya maji baridi, acha usiku kucha. Maji yakichukua rangi ya bluu, ile rangi yake asilia inayoitwa fikosianini bado ipo. Yakibaki rangi ya majani makavu, unga umechoka au umekaushwa kwa joto kali. Kwa sababu hiyohiyo usiupike: koroga kwenye uji uliokwisha kupoa, au kwenye juisi ya embe, ambayo huficha ladha vizuri. Anza na nusu kijiko cha chai, tumbo lizoee. Na tafadhali usinunue uliochotwa ziwani na mtu asiyeupima, kwa kuwa maji ya aina hiyo huweza kuwa na viumbe jamaa zake vinavyotoa sumu ya ini.

Ya pili ni mwani mkavu wa Unguja na Pemba, na hapa nina upendeleo, siufichi. Kilimo chake kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mpaka leo wengi wanaofunga mbegu kwenye kamba na kuvuna maji ya bamvua yakitoka ni wanawake. Sehemu kubwa husafirishwa nje kutolewa karajinani, kile kinachokazisha dawa ya meno na aiskrimu. Protini yake ni ndogo; unachonunua ni nyuzinyuzi na madini. Aina iitwayo spinosamu ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Aina ya kotonii, iliyo nene zaidi, imekuwa adimu kwa kuwa maji ya pwani yamepata joto. Uliza ulikaushwa wapi: wa kichanja hauna mchanga wala kinyesi cha mbuzi, wa chini unavyo. Osha mara nyingi, loweka usiku kucha, chemsha, saga, weka kwenye friji na umalize ndani ya wiki moja.

Ukifanya hivyo huna haja ya jeli ya mwani ya kigeni ya kwenye mtungi. Ile inayouzwa kwa jina la mwani wa Ayalandi mara nyingi ni ya jamii hizihizi za bahari ya joto. Mwani wa Ayalandi wenyewe huota kwenye miamba ya Atlantiki ya baridi.

Ya tatu ni vidonge vya mafuta ya mwani yenye DHA, yaani ile omega-3 (aina ya mafuta yenye faida mwilini) ambayo samaki nao huipata kutoka kwenye mwani. Ni vya asiyekula samaki. Anayekula dagaa au vibua mara mbili kwa wiki avipite.

Klorela, mwani mwingine mdogo wa kijani, naiweka ya nne. Ina protini nyingi, lakini ganda la chembe zake ni gumu, basi nunua tu iliyoandikwa kwamba limepasuliwa. Ina vitamini K pia, hivyo anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amwone daktari kwanza. Na mwenye lupasi au ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili afanye vivyo hivyo kabla ya kugusa spirulina.

Mwisho kabisa, vidonge vya kelp, mwani mkubwa wa bahari za baridi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto (ayodini) kwa siku, mjamzito kama 250, na chumvi ya dukani tayari imetiwa. Kidonge kimoja cha kelp kinaweza kupita kiasi hicho mara kadhaa, na madini joto yakizidi huvuruga tezi ya shingo kama yanavyoivuruga yakipungua. Mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, asijitibu kwa vidonge hivyo. Kama pakiti haisemi ina mikrogramu ngapi, na haina tarehe wala alama ya shirika la viwango (TBS la Tanzania, ZBS la Zanzibar au KEBS la Kenya), irudishe kwenye rafu.