Ekstensheni mbili za 13A: ipi inahimili joto la kwetu?

Karibuni watazamaji. Hapa mezani kuna ekstensheni mbili za kuzungusha, yaani waya umeviringwa kwenye gurudumu, zote za mita 25, zote zimebandikwa 13A. Dukani utaambiwa ni zilezile, tofauti ni bei tu. Achana na stika. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe: huu 3G1.25, huu 3G1.5. 3G ni nyaya tatu za ndani, mmoja wa ethi; namba ya mwisho ni ukubwa wa mkato wa shaba kwa milimita za mraba.

Jedwali la kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, linaupa waya laini wa 1.25 ampia 13, na wa 1.5 ampia 16. Ila hizo ni ampia za mahali penye nyuzi joto 30. Plastiki ya waya wa aina hii huhesabiwa ukomo wa nyuzi 60. Kukiwa na 30, waya una nafasi ya kupanda nyuzi 30. Kukiwa na 40, zimebaki 20. Kukiwa na 50, zimebaki 10 tu. Na joto la waya hukua kwa mraba wa umeme unaopita, kwa hiyo ampia hazipungui kwa kiwango kilekile. Zidisha ampia za jedwali hivi: nyuzi 35, mara 0.91, nyuzi 40, mara 0.82, 45, mara 0.71, 50, mara 0.58.

Sasa tupige hesabu. Waya wa 1.25 kwenye nyuzi 40 unabaki na ampia 10.7, yaani kama wati 2,450 kwa volti 230. Birika la umeme la wati 3,000 linavuta 13. Umeshapita! Ule wa 1.5 unabaki na 13.1, unapona kwa nywele. Panda hadi 50, tuseme darini chini ya bati mchana: 1.25 inashuka hadi 7.5, na 1.5 hadi 9.3. Hapo hata pasi ya wati 2,400 hairuhusiwi kwenye waya wowote kati ya hii miwili.

"Si kuna fyuzi?" Fyuzi ya 13A kwenye plagi inaangalia ampia zinazopita ndani yake. Haijui kwamba waya umelala juani au chini ya zulia. Ampia 13 zitapita siku nzima na fyuzi itatulia, huku plastiki inalainika, nyaya za ndani zinasogeleana, mwishowe zinagusana. Dalili za mapema ni waya unaonata ukiushika, au harufu ya plastiki.

Tatizo kubwa zaidi ni hili gurudumu. Mita 25 kwenda na kurudi ni mita 50 za shaba, kwa 1.5 ni ukinzani wa kama omu 0.67. Pitisha ampia 13 upate wati 110 hivi za joto. Waya ukinyooshwa, joto hilo linatawanyika. Ukiachwa umezungushwa, tabaka za ndani zinapashana na hakuna hewa. Ndiyo maana ekstensheni nyingi za namna hii hupewa ampia 5 tu zikiwa zimezungushwa. Tena hizo 5 ni za mahali pa baridi. Hata ukihitaji mita tatu, toa waya wote, uuweke kivulini.

Hiki kitufe chekundu ni kinga ya joto. Kikikata, usikibonyeze palepale. Chomoa, nyoosha waya wote, acha upoe, punguza mzigo, ndipo urudishe.

Jaribio la mwisho, plagi ikiwa imechomolewa: fungua plagi, kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Ikitokea rangi nyeupe chini ya ile nyekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu zote za leo hazikuhusu, rudisha dukani. Hizi mbili ni shaba tupu.

Uamuzi wangu: kwa Dar, Mombasa au Garissa, chukua 1.5. Ile ya 1.25 si mbovu, lakini itoshe kwa taa, televisheni, feni na chaja. Ukishainunua, badilisha fyuzi ya plagi uweke ya 10A, ili mtu akichomeka birika fyuzi iwe karibu zaidi na uwezo halisi wa waya. Na kama waya wako umeandikwa 0.75, mwisho ni ampia 6 hata kwenye nyuzi 30: weka fyuzi ya 5A, au ya 3A panapochemka.