Armstrong kamezwa na mkunjo

Kitabu hiki cha picha za safari za anga za juu nakipa nyota mbili kati ya tano. Nilikuwa nimeshaamua kutoa moja, nikafungua tena zile kurasa za Soyuz, chombo cha anga cha Wasovieti, mkono ukasita. Nitafika huko. Kwanza nitoe nyongo.

Ile picha ya mwanaanga aliyesimama Mwezini, kioo cha helmeti kikiwaka rangi ya dhahabu, ni nani asiyeijua? Aliyesimama ni Buzz Aldrin, katika safari ya Wamarekani ya Apollo 11, mwaka 1969. Aliyeipiga ni Neil Armstrong, naye yumo humohumo: kadogo kama punje ya mchele, kanaonekana kwenye kioo cha mwenzake, pamoja na chombo chao, Eagle. Sasa kitabu hiki kimeitandaza picha hiyo juu ya kurasa mbili, na mkunjo wa katikati umepita palepale kwenye kioo. Unaona bega moja huku, bega jingine kule, na kati yake bonde la gundi. Armstrong hayupo. Na kama hiyo haitoshi, maelezo yaliyo chini ya picha, kwa herufi nene, yanasema aliyesimama pale ni Armstrong! Wamemtaja asiyekuwepo, na aliyekuwepo wamemzika.

Nikamwandikia muuzaji, kwa adabu kabisa. Akajibu kwamba mavazi yao yanafanana, Mwezi ni uleule, na kitabu kikishafunguliwa hakirudishwi. Mavazi yanafanana! Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika maelezo chini ya picha. Hata wenyewe waliokuwa wakitazama picha zile walipata shida kutofautisha nani ni nani, ndiyo maana kuanzia Apollo 13 vazi la kamanda likawekewa mistari myekundu. Chombo kile hakikutua, kwa hiyo mistari hiyo ilionekana Mwezini kwa mara ya kwanza mwaka 1971, kwa Alan Shepard wa Apollo 14. Ukikuta picha yenye mistari myekundu imeandikwa 1969, funga kitabu, rudisha rafuni. Na ukikuta picha maridadi ya Armstrong akitazama kamera kwa karibu juu ya uso wa Mwezi, kuwa na shaka pia. Muda mwingi wa zile saa mbili na nusu walizokuwa nje, kamera ya Hasselblad alikuwa nayo yeye. Picha za kamera hiyo zinazomwonyesha yeye ni chache mno, na iliyo bora inamwonyesha kwa mbali, amegeuka, anafanya kazi kando ya Eagle.

Kosa la mkunjo si bahati mbaya, ni hesabu. Fremu ya kamera ile ni ya mraba. Chukua kitabu chenye kurasa za sentimita 25 kwa 30: ukikifungua unapata upana wa 50 na kimo cha 30. Ukitaka picha ya mraba ijaze upana wote huo, inahitaji kimo cha 50. Wewe una 30. Sentimita 20 zinakatwa, juu au chini, na kinachobaki kinapasuliwa katikati. Wangeiweka kwenye ukurasa mmoja, 25 kwa 25, isingepotea hata unywele. Lakini ukurasa mmoja haumshtui mnunuzi anayepekua dukani, sivyo?

Kipo kipimo rahisi cha kujua kama picha ya Mwezini imekatwa. Kamera zilizotumika nje zilikuwa na kioo chenye misalaba midogo 25, safu tano za mitano, kila mmoja milimita 10 kutoka kwa mwenzake kwenye filamu. Msalaba wa katikati ni mkubwa kuliko wengine. Utafute. Usipokuwa katikati ya picha iliyochapwa, basi kuna upande umenyolewa, au umeongezwa. Naam, umeongezwa: kwenye picha hiyo ya Aldrin, Armstrong alikata kwa bahati mbaya ncha ya antena iliyo juu ya mkoba wa mgongoni, kwa hiyo anga jeusi unaloliona juu ya kichwa katika nakala nyingi limepachikwa baadaye ili picha ipumue. Silalamikii hilo. Ninalalamika kwamba kitabu cha ukubwa huu hakilisemi. Na msalaba ukionekana kufifia juu ya kitu cheupe, usije ukasikiliza porojo za picha za kughushi. Weupe mkali hufurika kwenye filamu na kuumeza mstari mwembamba. Picha ya Dunia ikichomoza, aliyoipiga mwanaanga Bill Anders tarehe 24 Desemba 1968, haina misalaba kabisa, maana kamera yake haikuwa na kioo hicho. Hiyo nayo wengi huigeuza. Alivyoipiga yeye, ukingo wa Mwezi umesimama wima.

Kuhusu jalada, tazama uti wa kitabu kwa juu kabla ya kulipa. Kama kurasa zimeshonwa utaona mafungu madogo yaliyokunjwa, na ukifungua katikati ya fungu utaona uzi. Hapo katikati ya fungu kurasa mbili ni karatasi moja, na ndipo mahali pekee ambapo picha ya kurasa mbili hupita bila kuvunjika. Mchapaji mwenye akili huweka picha zake kubwa hapo. Hiki changu ni cha gundi tupu. Gundi inakula karibu sentimita nzima kila upande, na ukilazimisha kilale wazi mezani, uti unapiga kelele kama kuni kavu.

Rangi? Ya wastani. Mwezi una ubluu usio wake. Kijivu kikichapwa kwa kuchanganya wino wa rangi badala ya kuegemea mweusi, rangi moja ikizidi kidogo tu, vumbi lote linabadilika. Anga jeusi limetoka la kijivu kilichochoka. Linavumilika.

Kwa hasira nilianza kukagua kurasa nyingine, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Sura ya shato, vile vyombo vya Marekani vilivyorushwa angani tena na tena, inaeleza safari ya kwanza ya kimojawapo, Columbia, 12 Aprili 1981, na picha ya pembeni inaonyesha tangi kubwa la mafuta la rangi ya chungwa. Siyo! Safari mbili za kwanza tangi lilikuwa jeupe. Kuanzia ya tatu waliacha kulipaka rangi, wakaokoa karibu kilo 270 za uzito. Hiki ni kipimo cha sekunde tano, mtoto wa shule anaweza kukifanya. Halafu mchoro wa Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, akitoka kwenye mlango wa chombo chake, anapunga mkono. Yuri Gagarin hakutua ndani ya Vostok. Alirushwa nje na kiti chake kwenye kimo cha kilomita 7 hivi na kushuka kwa parachuti yake mwenyewe. Wasovieti walilificha jambo hilo kwa miaka. Mchoraji aliyenakili vitabu vya zamani amenakili na uongo wake.

Vivyo hivyo kwa roketi yenyewe. Vostok nzima ilionyeshwa hadharani mwaka 1967, kwenye maonyesho ya ndege ya Paris, miaka sita baada ya Gagarin kuruka. Michoro ya nchi za Magharibi ya kabla ya hapo ilikuwa ya kubahatisha. Ni mizuri, naipenda, lakini iandikwe kwamba ni ya kubahatisha.

Basi, nyota moja? Hapa ndipo mkono uliposita.

Kurasa za Soyuz ni kazi ya mtu mwingine kabisa, ningekula kiapo. Mchoro wa mpasuo unaonyesha sehemu zote tatu: duara la mbele la kuishi, kengele ya katikati ya kurudia, na sehemu ya injini nyuma, na umeweka wazi kwamba ni kengele tu inayorudi duniani. Valvu ya kusawazisha hewa imechorwa mahali pake, na mshale unaeleza kilichotokea Soyuz 11, Juni 1971: sehemu zilipoachana, valvu ikafunguka kabla ya wakati, hewa ikatoka, na Dobrovolski, Volkov na Patsayev wakafa kwa sababu hawakuwa na mavazi ya kuhifadhi shinikizo. Nafasi haikutosha watu watatu waliovaa. Baada ya hapo wakawa wawili, wamevaa, hadi toleo jipya, Soyuz T, lilipokuja na nafasi ya watatu. Yote hayo kwenye ukurasa mmoja, bila porojo. Ukurasa unaofuata ni N1, roketi ya Wasovieti ya kwendea Mwezini, ikionekana kutoka chini, injini 30 za hatua ya kwanza, 24 kwenye pete ya nje na 6 ndani. Nimezihesabu. Ziko 30! Vitabu vingi huchora duara lenye matundu kadhaa wakaona yatosha. Wameeleza pia kwamba iliruka mara nne kati ya 1969 na 1972 na ikashindwa zote nne.

Kwa hiyo kama unataka habari za Wasovieti, nunua, na nasema hivi huku meno yameuma. Kama unamnunulia mtu anayependa Apollo, usikiguse. Au kinunue lakini anzia nusu ya pili. Hapana, hata hivyo hapana: anayepewa kitabu cha picha atafungua ile picha kubwa kwanza, na pale ndipo walipoharibu.

Nyota tatu ningeweza kutoa kama muuzaji angesema pole. Zinabaki mbili. Jina la Aldrin nimelisahihisha kwa penseli. Armstrong, ili aonekane, itabidi gundi ipasuliwe.