Uzoefu wangu: chumba cha daraja la kwanza kwenye meli ya Mwanza–Bukoba

Kama unasafiri na mzee kwenda Bukoba, lipia chumba. Mengine yote ni maelezo tu.

Nilikuwa nampeleka mama kwa dada yake. Tukapanda MV Victoria, ambayo tangu irudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa inaitwa New Victoria. Mkongwe huyo yumo ziwani tangu 1961. Basi nalo lingetufikisha, na siku hizi Daraja la Magufuli pale Kigongo–Busisi limetuondolea adha ya kusubiri kivuko, ila magoti ya mama na kiti cha basi kutwa nzima haviivi.

Chumba ni kidogo, tusidanganyane. Vitanda viwili, cha chini na cha juu, na nafasi ya kusimama mtu mmoja. Mabegi yakishaingia, mmoja apande kitandani ndipo mwenzake afungue zipu. Usitarajie suti ya hoteli za Capri Point. Unacholipia ni mlango unaofungwa kwa ndani na mgongo kulala ukanyooka. Kitanda cha chini mpe mzee, usimuulize.

Mama hakuangalia godoro wala shuka. Aliulizia majaketi ya kuokolea. Watu wa rika lake, wa Mwanza na wa Kagera, kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 21, 1996 hawajakusahau, na pale nyumbani tulizika. Akalichukua jaketi, akalivaa juu ya kitenge, akavuta kamba moja baada ya nyingine, kisha akanigeukia: "Na wewe vaa nikuone." Nikavaa. Ndipo akavua viatu.

Chakula tulikula sato na ugali, vyote vya moto, sina neno. Kelele ndizo za kujiandaa nazo, na si za injini. Hiyo unaizoea mapema. Ni abiria wenzetu waliogeuza korido kijiwe, mmoja na spika yake ya bluetooth, mpaka mama alipotoka na kuwasalimia kwa Kihaya. Wakatawanyika wenyewe. Halafu meli ikitia nanga Kemondo, shughuli ya mizigo itakuamsha utake usitake.

Kizuri kuliko chumba ni sitaha, na hiyo hailipiwi zaidi. Meli ikiondoka bandarini, taa za vilima vya Mwanza zinabaki nyuma zimepangana mpaka juu kwenye mawe. Beba sweta la maana, upepo wa ziwa usiku si mchezo.

Kijana unayesafiri peke yako, pesa ya daraja la kwanza ongezea nauli ya bodaboda na senene ukifika, kama ni msimu wake. Wenye wazee, wagonjwa au watoto wachanga, wahini tiketi, hasa shule zikikaribia kufungwa. Vyumba ni vichache na huisha mapema kuliko viti.