Mipigo miwili au minne: mashine ipi ifungwe kwenye boti ya Lamu?

Simama kwenye jeti ya Mokowe asubuhi, boti zikianza kupakia abiria wa Lamu. Ule moshi wa buluu unaotoka nyuma ni wa mashine ya mipigo miwili, yaani ile ambayo pistoni hupanda na kushuka mara moja tu kwa kila mwako (ya mipigo minne ni mara mbili), na juu ya maji utaona utando wa mafuta unaometameta.

Sababu ni jinsi inavyopumua. Oili huchanganywa na petroli, mara nyingi sehemu 1 kwa 50, na zote huungua pamoja. Tena mchanganyiko mpya huingia silinda huku tundu la moshi likiwa bado wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli, hata asilimia 20 hadi 30 katika mashine za kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), hutoka bila kuungua. Hiyo ni pesa ya nahodha inayomwagwa baharini, karibu na mikoko ambako samaki huzaliana.

Ya mipigo minne ina valvu, vilango vinavyofunguka na kufungika kwa zamu, na oili yake iko mbali na petroli. Moshi hupungua sana, mafuta hudumu, na abiria husikilizana. Oksidi za naitrojeni, gesi zinazochafua hewa, huweza kuwa nyingi zaidi, lakini kwa jumla hewa hunufaika.

Ila ni nzito, ghali, na oili lazima ibadilishwe kwa wakati. Mvuvi anayeibeba mashine begani kila jioni simlaumu akibaki na ile nyepesi. Boti ya abiria ya kila siku, kwa maoni yangu, ifunge ya mipigo minne.