Tahadhari: "chipu ya nguvu" ya gari ni resista tupu

Ndugu zangu wenye magari, kuna kifaa kinauzwa mtandaoni kwa jina la chipu ya nguvu. Muuzaji anaahidi gari litachanganya haraka na papo hapo litakula mafuta kidogo. Msinunue. Mimi nilinunua, nikakipasua kiboksi chake: hamna chipu wala programu, ni resista moja (kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme) ya bei ya kutupa.

Maelekezo yanakutaka uchomoe soketi ya sensa ya joto la hewa inayoingia kwenye injini, kisha uchomeke miguu ya ile resista. Ulaghai uko hapo. Sensa halisi ni thamista, yaani ukinzani wake (jinsi inavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) hushuka joto linapopanda. Sensa nyingi zina omu 2,000 hadi 3,000 hivi hewa ikiwa nyuzi 20, na omu mia chache tu ikifika 80. Kompyuta ya gari huipa volti 5 kupitia resista yake ya ndani, na kwa volti inazozisoma hapo hujua hali ya hewa. Hewa baridi imeshiba oksijeni, hivyo kompyuta huongeza mafuta na kuwahisha cheche inayoyawasha.

Sasa hiyo resista haijui joto wala baridi. Asubuhi na mchana inasema neno lilelile: hewa ni baridi. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni hugundua mafuta yamezidi na kompyuta huyapunguza, ndiyo maana hata hiyo nguvu huioni. Ukikanyaga mafuta hadi chini, kompyuta haiifuati tena sensa hiyo ya oksijeni, na mafuta ya ziada yanapotea bure. (Na mtu anakuambia utabana matumizi!)

Kinachoniuma zaidi ni cheche. Hewa ni ya moto, cheche imewahishwa kana kwamba ni baridi, basi mafuta yanalipuka vibaya na injini inagonga, hasa ukipanda mlima na mzigo. Kugonga huko kukiendelea, pistoni zinaharibika.

Langu lilianza kugonga siku ya tatu, taa ya injini ikawaka, mashine ya fundi ikasoma msimbo wa hitilafu P0111, unaohusu sensa hiyo ya joto la hewa. Muuzaji akanijibu eti kompyuta bado inajifunza, nisubiri wiki mbili. Muda wa kurudishiwa pesa ulikuwa siku kumi.

Kama umeshakifunga, kichomoe leo, rudisha soketi kwenye sensa yake, kisha fundi afute msimbo wa hitilafu.