Matunda ya Kepa ya Chupa Kwenye Meza ya Samaki wa Kigoma

Chupa ninayoizungumzia hapa sijaiona katika maduka ya Kigoma mjini. Ndugu yangu aliinunua Dar es Salaam na kuileta pamoja na mizigo yake mingine. Ndani yake mna matunda ya kepa ya kijani kilichofifia, kila moja na kikonyo chake kirefu, yaliyohifadhiwa katika maji ya chumvi na siki. Lebo inasema yametoka Hispania, na inashauri yaliwe pamoja na jibini na nyama iliyokaushwa, ushauri usiomfaa sana mtu anayenunua kitoweo chake Kibirizi, kwenye mwalo wa samaki wa Kigoma.

Inafaa kwanza kueleza ni kitu gani hasa, kwa kuwa bidhaa mbili tofauti huuzwa kwa jina hilo. Mkepa ni kichaka cha nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na huweza kuota hata katika nyufa za miamba na kuta kuukuu. Matumba ya maua yake, yakichumwa kabla ya kuchanua, ndiyo zile kepa ndogo zinazotiwa kwenye michuzi ya Kiitaliano. Yakiachwa mtini, ua huchanua na baadaye hutoa tunda linalokaribia ukubwa wa zeituni, ambalo ndilo lililomo katika chupa hii. Ukali wake una undugu na ule wa haradali, ila katika tunda ni wa upole kuliko katika tumba, na ndani mna mbegu nyingi ndogo zinazovunjika menoni bila usumbufu. Mimi hizo mbegu ndizo zilizonivutia kuliko ladha yenyewe.

Chumvi ni nyingi mno. Anayeyala moja kwa moja kutoka kwenye chupa ataonja chumvi na siki tu, kwa hiyo yanapaswa kusuuzwa na kulowekwa katika maji baridi kwa muda wa kama robo saa, na chakula kinachoandamana nayo kisitiwe chumvi mpaka kionjwe. Wenye shinikizo la damu, hata baada ya kuyaloweka, wayale kwa uangalifu.

Yanapofaa zaidi ni kwa samaki. Mgebuka aliyekaangwa hadi ngozi ikauka, akaandaliwa na ugali wa muhogo, huhitaji kitu kikali cha kukata mafuta, na kazi hiyo ambayo kwa kawaida tunaipa ndimu hufanywa vizuri na matunda machache yaliyowekwa pembeni ya sahani yakiwa mazima, kila mlaji akilishika lake kwa kikonyo na kuling'ata baada ya tonge mbili tatu. Kwa kuhe wa kuchoma nilipendelea njia nyingine: siagi iyeyushwe pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa, sufuria iondolewe motoni, ndipo yatiwe matunda yaliyokatwa vipande viwili viwili pamoja na maji ya ndimu, kisha vyote vimwagiwe samaki akiwa bado wa moto. Kuondoa sufuria motoni kwanza kuna maana yake, kwani kepa ikipikwa kwa muda mrefu hupoteza ukali na kubaki na uchachu peke yake.

Katika kachumbari ya nyanya na vitunguu yanakubali vizuri, yakikatwa vipande vyembamba na chumvi ikiachwa kabisa. Yakisagwa pamoja na mayonizi na kitunguu kibichi hutoa kitoweleo kizuri cha chipsi na samaki, ingawa kwa matumizi hayo matumba yangetosha na kuyasaga matunda ni kupoteza sura yake, ambayo ni nusu ya kile mnunuzi alicholipia. Kwenye mchuzi wa mawese sikuona faida yoyote: mawese yana ladha nzito inayomeza kila kitu kidogo kinachotiwa humo. Dagaa wakavu nao wana chumvi yao, na kuwaongezea kepa ni kuharibu mboga. Dagaa wabichi waliokaangwa ni habari nyingine. Hao wanapendeza sana.

Maji yaliyobaki ndani ya chupa yasimwagwe. Kijiko kimoja katika kachumbari huondoa haja ya chumvi na siki, na matunda yenyewe yakae ndani ya maji hayohayo, katika friji, yakichotwa kwa kijiko kisafi.

Kuhusu bei, chupa moja ndogo iligharimu fedha ambazo zingenunua samaki wa kutosha familia nzima, na kwa kiwango hicho siwezi kumshauri mtu aiagize kwa ajili ya chakula cha kila siku. Kwa mgeni au sikukuu, inastahili. Atakayeikosa achukue achari ya ndimu, aisuuze, aikatekate ndogo na kuitia katika siagi ile ile ya kuhe. Uchachu na chumvi atavipata, na atakachokosa ni mbegu.